Seti ya sumaku ya kutenganisha seli mama za damu kwenye uboho wa panya: tumeitumia hapa Bagamoyo, haya ndo maoni yangu

Wadau wa maabara habari zenu. Kuna watu kadhaa wamenitumia meseji wakiuliza kuhusu hii seti ya sumaku ya kutenganisha seli tangulizi za damu kutoka kwenye uboho wa panya, kama kweli inafanya kazi au ni hela kupotea, hasa kwa maabara zetu za huku pwani ambako joto ni lile mnalolijua na umeme una siku zake. Nimeona bora niandike mara moja kila mtu asome. Jina la kampuni siliweki maana huko mbele namwongelea ejenti aliyetuletea mzigo na sitaki watu waunganishe vitu, halafu seti za aina hii zinatengenezwa na kampuni zaidi ya moja na utaratibu wake unafanana sana, kwa hiyo hata ukinunua ya mwingine haya yatakusaidia.

Jibu la haraka kwa asiye na muda: inafaa, nunua. Na kama kazi yako ni ya malaria kama sisi inakufaa kuliko hata wanavyoisifia wenyewe kwenye karatasi yao, kuna sababu moja ya msingi kabisa ambayo hawajaiandika popote mle ndani na ndo imenifanya nikae chini niandike.

Kwa ambao hawapo kwenye hii kazi nieleze kidogo. Bagamoyo watu wamezoea utafiti wa malaria, hapa ni moja ya vituo 11 vya Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S, mwenzetu wa Tanzania alikuwa Korogwe kule Tanga, na baadae majaribio ya R21, chanjo nyingine ya malaria, nayo yakapita hapahapa. Kwa hiyo habari ya vimelea, mbu na chanjo mtaani inaeleweka. Kitu ambacho kinaongelewa kidogo ni damu. Mtoto anaumwa malaria, anatibiwa, unaangalia slaidi vimelea hakuna tena, lakini damu haipandi, na ukihesabu zile seli nyekundu changa unakuta zipo chache wakati mtu aliyepungukiwa damu kiasi kile alitakiwa awe nazo kibao. Maana yake shida sio tu seli nyekundu kupasuliwa na vimelea, kule zinakotengenezwa nako kumezubaa. Kule ndo kwenye uboho. Na huwezi kumtoboa mtoto mfupa kila baada ya siku mbili ili uone kinachoendelea, hakuna mzazi atakayekubali na hakuna kamati ya maadili itakayopitisha, na ni sawa kabisa wasipitishe. Ndo maana tunatumia panya walioambukizwa vimelea vya panya, hasa Plasmodium chabaudi, ambavyo havimwingii binadamu (hili nalirudia kila siku kwa majirani wa maabara, naomba na nyie mlirudie).

Sasa ukifika kwenye uboho wa panya shida ni kwamba unachokitafuta ni kidogo mno. Panya mmoja mkubwa, ukitoa mifupa ya paja na ya muundi miguu yote miwili, unapata kama seli milioni 40 hadi 60. Humo ndani karibu zote ni seli zilizokomaa au zinazoelekea kukomaa, nyeupe za kila aina na nyekundu changa. Zile seli mama, yaani ambazo hazina alama ya ukoo wowote (hazijachagua bado zitakuwa seli ya aina gani) lakini zina c-Kit na Sca-1 (protini za juu ya seli tunazozitambulia), ni kama moja au mbili katika kila elfu moja. Na seli shina halisi zinazoweza kutengeneza damu upya kwa muda mrefu, zile wanazozitafuta kwa alama nyingine, kuwepo kwa CD150 na kutokuwepo kwa CD48, hazifiki hata moja kwenye elfu kumi. Hiyo njia ya CD150 imetoka 2005. Kabla ya hapo 1988 Spangrude, Heimfeld na Weissman kule Stanford ndo walionyesha kwamba inawezekana kuzichambua kwa antibodi (protini zinazong'ang'ania alama maalumu juu ya seli) mpaka ukabaki na kikundi kidogo kinachoweza kumrudishia damu panya aliyepigwa mionzi, na msingi wa yote uliwekwa Toronto 1961 na Till na McCulloch walipoona vinundu kwenye bandama za panya waliowekewa uboho. Nawataja kwa heshima kabisa maana hao wote hawakuwa na seti ya kwenye boksi kama sisi leo.

Kinachofanyika kwenye hii seti ni kama kuchambua mchele, unatoa chuya na mawe, mchele wenyewe huugusi. Ndani ya boksi kuna kichupa cha mchanganyiko wa antibodi zenye biotini (vitamini ndogo inayotumika hapa kama ndoano), zinazokamata alama za seli zilizokomaa: CD5 kwa seli T, B220 kwa seli B, CD11b na Gr-1 kwa jamii ya monosaiti na granulosaiti, na Ter-119 kwa jamii ya seli nyekundu. Halafu kuna kichupa cha chembe za sumaku zenye streptavidini, hizo zinang'ang'ania biotini. Na kichupa cha seramu ya panya wakubwa wa maabara (rat, sio hawa wadogo tunaowatoa uboho), kazi yake ni kuziba zile sehemu ambazo antibodi zinaweza kujishikiza ovyo, msiiruke hiyo hatua hata kama inaonekana ndogo. Unaweka tyubu kwenye sumaku, vilivyokomaa vinavutwa ukutani, visivyo na alama vinabaki kwenye maji, unavimimina kwenye tyubu nyingine, basi.

Sumaku haimo ndani ya boksi. Hili liandikeni pembeni kabisa maana bei ya seti ukiiona unaweza kudhani umemaliza, kumbe sumaku yenyewe inauzwa peke yake na imechangamka kweli. Nzuri ni kwamba unanunua mara moja tu, haiishi. Bafa nayo unatengeneza mwenyewe, PBS (maji ya chumvi ya fosfeti) isiyo na kalisi wala magnesi, seramu ya ndama asilimia 2, EDTA milimola 1, ichujwe na iwe ya baridi. Na isije mtu akasema bafa imeisha ngoja nitumie midia ya RPMI iliyopo kwenye friji, ile ina biotini ndani yake, itazijaza zile streptavidini zote kabla hazijaziona seli zako na utashangaa kwa nini hakuna kilichovutwa.

Niwape picha ya siku ya kazi ilivyo. Mzee wetu anayetunza panya anawaandaa asubuhi mapema kabla jua halijapanda, ni mtu wa makini sana na mimi kwenye mambo ya panya namsikiliza yeye kuliko kitabu, akiniambia "mwanangu huyu leo muache, amelala vibaya" namuacha. Panya analazwa kwa utaratibu ulioidhinishwa, mifupa inatolewa, nyama inasafishwa na shashi mpaka mfupa uwe msafi. Unakata ncha zote mbili, unaingiza sindano geji 25, unasukuma bafa na uboho unatoka kama uzi mwekundu, unarudia mpaka mfupa unabaki mweupe unaona mwanga unapita. Wenye haraka wanatoboa tundu kwenye tyubu ndogo, wanaweka mfupa humo, tyubu inakaa ndani ya kubwa yake na wanazungusha kwenye sentrifuji sekunde chache tu uboho wote unashuka chini. Hiyo njia mi naipenda ukiwa na panya wengi, mkono hauchoki na mifupa haivunjikivunjiki. Baada ya hapo unapitisha kwenye chujio la mikroni 40, na hapa naomba mnielewe, msibane matumizi kwenye chujio. Vipande vya mfupa na vinyuzi vikibaki seli zinashikana mabonge, na bonge likivutwa ukutani linaondoka na seli zako nzuri zilizomo katikati.

Kuhesabu, tumia chemba ya Neubauer na asidi ya asetiki asilimia 3 ili seli nyekundu zipasuke uone zile zenye kiini tu, kisha fikisha milioni 100 kwa mililita kama karatasi inavyotaka. Kipimo hiki usikikadirie kwa macho. Seli zikiwa nyingi kuliko antibodi, zilizokomaa zitabaki bila alama na zitapita kwenye sumaku zikijidai ni changa.

Halafu sasa ile dakika yenyewe. Tyubu ikiwa ndani ya sumaku unaiona inabadilika, mwanzo ni uji wa rangi ya kutu, polepole ukuta wa tyubu unashika weusi wa kahawia na katikati maji yanakuwa meupe. Unainua sumaku na tyubu vyote pamoja, unamimina kwa mkupuo mmoja, unahesabu moja mbili tatu, unarudisha. Pale mdomoni kuna tone linabaki linaning'inia. Liache. Usilikung'ute, usiliguse na shashi, hilo tone lina chembe na seli ulizozikataa. Kijana yeyote mgeni nikimfundisha naanza na hilo tone kabla ya kitu kingine chochote.

Kinachobaki baada ya hapo ni kama seli mbili hadi tano kwa kila mia ulizoanza nazo. Kwetu tukizipima kwenye flosaitometa (mashine inayosoma alama za seli moja moja kwa mwanga) tunakuta zaidi ya robo tatu hazina alama za ukoo, karatasi inaahidi juu kidogo ya hapo lakini sio pengo la kulalamikia. Muda wote wa antibodi, chembe na sumaku hauzidi saa moja. Na seli zinatoka hazijaguswa na antibodi wala chembe, ziko huru, ukitaka kuzipaka rangi zinazong'aa, ukitaka kuzipanda kwenye methiliselulosi (midia nzito kama jeli) zikupe makoloni, yaani vikundi vya seli zilizozaliana kutoka seli moja, ukitaka kutoa RNA, vyote sawa.

Sasa nifike kwenye ile sababu niliyosema.

Ukitafuta jinsi ya kupata seli za c-Kit utaambiwa kuna njia mbili. Moja ni hii ya kuondoa zisizotakiwa. Nyingine ni ya kuzishika moja kwa moja zile unazozitaka, unazipaka antibodi ya c-Kit yenye chembe za sumaku, unapitisha kwenye kolamu iliyojazwa vyuma vidogovidogo ndani ya sumaku kali, zako zinanasa, nyingine zinapita, kisha unaitoa kolamu kwenye sumaku unazisukuma nje. Kwa panya mzima hiyo njia ya pili ni safi na ya haraka na wengi wa Ulaya na Marekani wanaitumia. Kwa panya mwenye malaria ni matatizo matupu.

Sababu ni hemozoini. Wote tuliosoma slaidi za malaria tunaijua, zile punje za kahawia nyeusi zinazong'aa ndani ya kimelea kilichokomaa na ndani ya seli nyeupe zilizokula vimelea. Kimelea kinakula himoglobini, kinabaki na himu ambayo ni sumu kwake, kinaigandisha kuwa fuwele. Ile fuwele ina chuma, na chuma chake kipo katika hali inayovutwa na sumaku. Sio nadharia, maabara za malaria duniani zinatumia kolamu hizohizo za sumaku bila antibodi wala chembe yoyote kukusanya seli nyekundu zenye vimelea vilivyokomaa, zinanasa zenyewe kwa ajili ya ile hemozoini. Sasa fikiria uboho wa panya aliye kwenye kilele cha chabaudi, umejaa makrofaji (seli nyeupe zinazomeza vimelea na uchafu) zilizoshiba hemozoini. Unapitisha kwenye kolamu kali ukitegemea unase c-Kit tu. Zinanasa na makrofaji. Zinanasa na seli nyekundu zenye vimelea. Zote unazisukuma pamoja kwenye tyubu yako uliyoandika "seli mama", halafu unapima jeni za inflamesheni (zinazowaka mwili unapopambana na maambukizi) kwenye hizo "seli mama" unakuta zimepanda ajabu, unaandika ripoti kwamba seli mama za damu zimechangamka kwa malaria wakati uliowapima ni makrofaji waliotoka kula.

Tulipaka Giemsa (rangi ya slaidi za darubini) seli zilizotoka kwa njia ya kolamu, maana mimi siamini namba za mashine mpaka nione seli kwa darubini, na zile punje zilikuwepo, seli kubwa zenye tumbo la madoa meusi katikati ya seli ndogo za bluu zenye kiini kikubwa. Kwa mtu aliyekaa kwenye darubini ya malaria haihitaji kuuliza ni nini. Kwa seti hii ya kuondoa, hizo seli zinaenda upande wa uchafu, kwanza kwa sababu zina CD11b au Ter-119 zinakamatwa na antibodi, na hata kama hemozoini yake ikivutwa na sumaku inavutiwa kulekule ukutani, upande tunaoutupa. Yaani kasoro ya njia moja inageuka kuwa msaada kwenye njia nyingine. Hiki kitu natamani kingeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya kila seti inayokuja Afrika, maana huku ndo tunafanya malaria na wao wanazijaribu seti zao kwa panya wazima wasio na kimelea hata kimoja.

Jambo la pili linalohusu maambukizi ni Sca-1, na hili seti haina kosa ila mnunuzi lazima ajue. Panya akiwa na malaria mwili unatoa intaferoni gama (protini ya kinga ya kupeana taarifa) nyingi, na intaferoni inapandisha Sca-1 juu ya seli ambazo kwa kawaida hazina. Kwa hiyo zile tangulizi za kawaida za jamii ya mieloidi (zinazozaa granulosaiti, monosaiti na wenzao) zinahama kwenye grafu zinaingia kwenye dirisha la seli shina, na wewe unaona seli shina zimeongezeka mara nyingi. Hazijaongezeka kiasi hicho. Watafiti wa Uingereza mwaka 2010 walionyesha kwamba chabaudi kupitia intaferoni gama inazalisha hata kundi la tangulizi ambalo kwenye panya mzima hulioni, kwa hiyo kule ndani mambo yanabadilika kweli, lakini huwezi kuyatafsiri kwa Sca-1 peke yake. Ongeza CD150 na CD48, na panda makoloni uone seli zinaweza kufanya nini badala ya kuangalia zimevaa alama gani. Hasa makoloni ya jamii nyekundu yanayohitaji erithropoietini (homoni inayochochea seli nyekundu zitengenezwe), hayo ndo yanatuambia kuhusu yule mtoto ambaye damu yake haipandi. Na msisahau bandama, panya akiishiwa damu anahamishia utengenezaji kwenye bandama, ukichukua uboho peke yake umesoma nusu ya habari. Bandama ya panya wa malaria inatoka kubwa na nyeusi, inahitaji chujio mbili.

Na mchague panya weusi. Weupe wale BALB/c wana Sca-1 kidogo sana kwenye seli mama zao hata wakiwa wazima, mtu anaweza kumaliza seti nzima akidhani antibodi ni mbovu.

Haya sasa habari ya mzigo kufika. Hapa ndo naondoa nyota moja, na sio kwa watengenezaji ni kwa mnyororo mzima wa kuleta. Hizi chembe na antibodi zinatakiwa zikae nyuzi 2 hadi 8, zisipate joto na ZISIGANDE. Watu wengi wanadhani baridi zaidi ni bora zaidi. Chembe za sumaku zikiganda zinashikana, hata ukitikisa vipi hazirudi kuwa moja moja, na antibodi nazo zinapungua nguvu. Mzigo wetu wa kwanza ulitua Dar vizuri kabisa, kipima joto cha ndani ya boksi kilionyesha hauna shida, halafu ejenti aliyeutoa uwanjani kwa huruma yake akaona safari ya Bagamoyo ni ndefu na jua kali, akaufungua akaupakia upya na barafu kavu. Dereva alifika akiwa na furaha, "Dada mzigo wako huu hapa, tumeutunza, umeganda kabisa hata hauna wasiwasi." Kijana hana kosa, hakuna aliyemwambia. Nilimpa maji akanywa akapumzika, nikafungua boksi vichupa vyote ni jiwe. Tulivijaribu maana hela ilishalipwa, chembe zilikuwa na punje unaziona kwa macho, hakuna kilichotenganishwa cha maana. Ejenti alikataa kurudisha hata senti, alisema yeye kazi yake ilikuwa kuleta kwa baridi na kaleta kwa baridi. Hiyo hela ya mradi ni hela ya kodi za watu na michango ya watu na ingeweza kufanya kazi ya miezi, iliniuma na bado inaniuma.

Kwa hiyo mkiagiza, andikeni kwa Kiswahili kikubwa juu ya boksi, pande zote, USIGANDISHE, na mpigieni simu dereva mwenyewe sio ofisi tu. Kutoka Dar mpaka huku ni kama kilomita 70, foleni ya Tegeta na Bunju ndo inakula muda, vibarafu vya jeli vilivyokaa kwenye friji ya kawaida vinatosha kabisa ndani ya kulbox nzuri. Sisi sasa hivi tunaenda kuchukua wenyewe.

Umeme ukikatika katikati ya kazi usihofu sana, na hapa seti hii isiyotumia kolamu inashinda tena kwa sababu sumaku haihitaji umeme. Kinachohitaji umeme ni sentrifuji na friji. Seli zikishakuwa kwenye barafu zinakuvumilia kidogo wakati mnasubiri jenereta. Mashine yetu ya barafu ikigoma tunashuka pale soko la samaki, kuna mama mmoja anauza barafu kwa wavuvi, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, ndoo ngapi leo?" na ndani ya robo saa tumerudi. Barafu ya pale ni ya kuzungushia tyubu kwa nje tu, tyubu zifunikwe vizuri na ziwe kwenye mfuko, isiguse kitu cha ndani.

Karatasi ya maelekezo ni nzuri, ina michoro, ila wameandika kwa mtu ambaye chumba chake kina nyuzi 20. "Acha kwenye joto la chumba" kwetu mwezi wa pili ni nyuzi 32 na zaidi. Tulipima, kwenye joto hilo chembe zinakamata ovyo na seli zinazokufa zinaongezeka, ukichanganya na tripani bluu (rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa) unaziona. Sisi hatua ya joto la chumba tunafanya chumba chenye kiyoyozi, na kama kiyoyozi hakipo tunaweka beseni la maji lenye kipima joto tunalipunguza kwa barafu hadi 20 au 22. Inafanya kazi vizuri tu.

Nani anunue? Kama una panya, una kibali, na unataka seli mama safi kwa ajili ya kupanda makoloni au kupeleka kwenye mashine ya kuchambua seli moja moja, nunua hii ya kuondoa isiyo na kolamu. Kama unataka c-Kit tu kwa panya mzima asiye na maambukizi na una hela ya kolamu kila mara, ile ya kushika moja kwa moja nayo ni sawa. Kama hauna flosaitometa karibu bado inakufaa, panda makoloni, paka Giemsa, utapata majibu ya maana bila mashine ya mamilioni. Ambaye anataka kuihesabia kwa ajili ya bajeti, kumbuka seti moja inasemwa inatosha seli kiasi fulani, sio panya kiasi fulani, na panya wa malaria aliye kwenye kilele uboho wake una seli tofauti na mzima, kwa hiyo hesabu kwa seli.

Sisi tunaendelea nayo. Kuna vijana wawili wa shahada ya pili watakuja kuitumia msimu ujao kwenye panya waliopona chabaudi, kuangalia uboho unachukua muda gani kurudi kawaida baada ya vimelea kuisha, hilo ndo swali ambalo wauguzi wa wodi ya watoto wananiuliza kila nikikutana nao. Mwenye sumaku ya tyubu za mililita 15 ambayo haitumiki, iwe Tanga, Dar au popote, tuazimane tafadhali, sisi ya mililita 5 tunayo na tukiwa na bandama haitoshi.